Bawabu wa Kuzimu: Wanyama na Viumbe vya Mchanganyiko katika Sanaa na Dini ya Waetruski

1. Utangulizi

Katika historia ya kale ya Italia, Waetruski ni taifa lililosemwa na wengine zaidi kuliko lilivyoachiwa nafasi ya kujisemea lenyewe. Nchi yao, Etruria, ilienea baina ya mto Arno na mto Tiber, ukingoni mwa bahari ambayo Wagiriki waliiita Tirenia kwa jina la Waetruski hao hao. Wenyewe walijiita Rasenna. Miji yao mikubwa, kama vile Tarquinia, Caere (Cerveteri ya leo), Vulci, Veii, Volsinii, Chiusi na Perugia, ilistawi hasa kati ya karne ya 7 na karne ya 5 K.K., ikijitajirisha kwa madini ya shaba na chuma pamoja na biashara ya baharini. Halafu Roma iliwameza mmoja mmoja. Veii ilitekwa mwaka 396 K.K., Volsinii ikabomolewa mwaka 264 K.K., na mwanzoni mwa karne ya 1 K.K. Waetruski wote wakawa raia wa Roma. Lugha yao, ambayo haina udugu na Kilatini wala Kigiriki, ilikufa polepole baada ya hapo.

Pamoja na lugha vilikufa vitabu. Waandishi wa Roma wanashuhudia kwamba Waetruski walikuwa na maandiko matakatifu ya namna tatu: vitabu vya kusoma maini ya wanyama wa sadaka, vitabu vya kufasiri radi, na vitabu vya taratibu za ibada. Kaisari Claudius, aliyetawala kuanzia mwaka 41 hadi 54 B.K., alitunga historia ya Waetruski katika vitabu 20. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vyote kilichotufikia. Yaliyobaki ni maelfu ya maandishi mafupi, mengi yao yakiwa majina ya marehemu makaburini, na kitabu kimoja kirefu cha kitani kilichookoka kwa bahati ya ajabu: huko Misri kilichanwa vipande ili kufungia maiti iliyokaushwa, nayo maiti hiyo ilinunuliwa mjini Alexandria mwaka 1848 na sasa imehifadhiwa Zagreb.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua Waetruski waliamini nini hana budi kusoma picha. Picha hizo zimejaa wanyama: simba, chui, bata, pomboo, nyoka, farasi. Zimejaa vilevile viumbe ambavyo hakuna aliyeviona porini: simba mwenye mabawa na kichwa cha tai, mwanamke mwenye mwili wa simba, ng'ombe mwenye uso wa mwanadamu, mtu mwenye mdomo wa tumbusi. Je, viumbe hivi ni mapambo tu? Ni mashetani, kama walivyoitwa kwa muda mrefu katika vitabu vya Ulaya? Au ni sehemu ya lugha ya dini iliyokuwa na sarufi yake? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu la tatu ndilo lililo karibu na ukweli: viumbe vya mchanganyiko vya Waetruski ni, kwanza kabisa, walinzi wa mipaka, hasa ule mpaka mkubwa unaotenga walio hai na wafu.

2. Wanyama waliokuja kwa merikebu

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba wengi wa wanyama hawa ni wageni. Italia ya wakati huo haikuwa na simba. Fundi wa Tarquinia au wa Vulci aliyemchora simba hakupata kamwe kusikia ngurumo yake usiku. Alimjua kwa kumwona juu ya vyombo vya fedha, vitambaa na pembe za ndovu zilizoletwa na wafanyabiashara wa Foinike, Ugiriki na Misri. Ndiyo maana simba wa Etruria mara nyingi ana sura ya simba wa kusimuliwa: kinywa wazi kupita kiasi, ulimi ukining'inia, na pengine mwili wa jike wenye matiti pamoja na manyoya ya shingoni ya dume.

Wataalamu huuita wakati huo, yaani mwisho wa karne ya 8 na karne ya 7 K.K., kipindi cha sanaa ya mtindo wa Mashariki. Makaburi ya wakati huo yanathibitisha ukubwa wa biashara hiyo. Katika kaburi la Regolini-Galassi, lililofunguliwa Cerveteri mwaka 1836, ilipatikana bizimu kubwa ya dhahabu yenye simba watano katika sahani yake ya juu, na safu za bata wadogo katika sehemu yake ya chini. Afrika nayo imo. Huko Tarquinia kilipatikana chombo chenye jina la Bakenranef, Farao aliyetawala Misri mnamo mwaka 720 hadi 715 K.K.; juu yake wamechorwa mateka weusi, mitende na nyani. Katika kaburi la Vulci linaloitwa kaburi la Isis, lililofunguliwa mwaka 1839, yalipatikana mayai ya mbuni yaliyochongwa picha za wanyama na viumbe vya kubuni. Mayai hayo yamo sasa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Hata hivyo, kuazima si kuiga. Usione vyaelea, vimeundwa. Miongoni mwa viumbe vyote vilivyopita bandarini mwao, Waetruski walichagua baadhi na kuviacha vingine, na vile walivyovichagua walivipa kazi mpya. Sfinksi, yaani kiumbe chenye kichwa cha mwanadamu na mwili wa simba, alikuwa Misri mfano wa mfalme. Huko Vulci, mnamo karne ya 6 K.K., alichongwa katika jiwe la volkeno na kuwekwa nje ya kaburi la watu wenye mali. Pamoja naye waliwekwa simba wenye mabawa, na hata mtu-farasi, ambaye mfano wake mashuhuri, wa mwanzo wa karne hiyo, umo katika makumbusho ya Villa Giulia mjini Roma: mbele ni mwanadamu kamili mwenye miguu ya mtu, nyuma umeunganishwa mwili wa farasi. Viumbe hivi havikuwekwa ndani ya chumba cha maiti ili vimfurahishe marehemu. Viliwekwa penye mlango.

3. Mnyama kama barua ya miungu

Ili kuelewa kwa nini mlango ulihitaji mlinzi wa namna hiyo, yafaa kutazama kwanza nafasi ya mnyama wa kawaida katika dini ya Waetruski. Warumi, ambao hawakuwa wepesi wa kuwasifu majirani zao, walikubali kwamba hakuna taifa lililowazidi Waetruski katika elimu ya ishara. Elimu hiyo ilisimama juu ya wazo moja: ulimwengu umegawanyika katika sehemu, kila sehemu ina mwenyewe miongoni mwa miungu, na miungu hao huandika mapenzi yao juu ya vitu vinavyoonekana. Mbingu iligawanywa sehemu 16. Radi ilifasiriwa kwa kutazama imetoka sehemu gani na kuelekea wapi.

Ini la kondoo wa sadaka lilikuwa mbingu ndogo. Mwaka 1877 mkulima mmoja aliyekuwa akilima karibu na Piacenza, kaskazini mwa Italia, aliibua kipande cha bronzi chenye umbo la ini, urefu wake ukiwa kiasi cha sentimita 12 na nusu. Uso wake umegawanywa vijumba, na katika vijumba hivyo yameandikwa majina ya miungu: Tin, mkuu wa miungu na mwenye radi, Uni, mkewe, Fufluns wa mvinyo, Nethuns wa maji, na wengine. Ukingo wake una sehemu 16, sawa na idadi ya sehemu za mbingu. Bila shaka kilikuwa chombo cha kufundishia au cha kukumbushia. Babeli nako yamepatikana maini ya udongo ya kazi kama hiyo, ya kale zaidi. Mnyama aliyechinjwa, basi, hakuwa chakula cha mungu tu. Alikuwa barua, na kuhani alikuwa msomaji wake.

Asili ya elimu hiyo ilielezwa kwa hadithi ambayo Cicero aliiandika mwaka 44 K.K., huku akiicheka. Katika shamba la Tarquinia, mkulima alipitisha plau kwa kina kirefu kuliko kawaida, na kutoka mfuoni akainuka Tages, mwenye umbo la mtoto na hekima ya mzee. Watu wakakusanyika, naye akawafundisha elimu ya maini. Maneno yake yakaandikwa. Cicero alicheka kwa kuwa aliona mchanganyiko wa utoto na uzee ni upuuzi. Lakini mchanganyiko huo ndio kiini cha hadithi. Anayeleta habari kutoka upande wa pili hawezi kuwa wa upande mmoja tu. Wazo hilo hilo limechorwa katika kioo cha bronzi cha Vulci, cha mnamo mwaka 400 K.K., kilichomo katika makumbusho ya Vatikano. Juu yake anaonekana mzee mwenye ndevu akiinama juu ya ini alilolishika mkononi, na jina lake limeandikwa: Chalchas, mtabiri wa hadithi za Wagiriki. Kwa Wagiriki, Kalkasi ni mwanadamu asiye na mabawa. Fundi wa Etruria amempa mabawa mawili makubwa. Mabawa hayo hayamgeuzi kuwa ndege, bali yanamweleza mtazamaji kwamba mtu huyu, akisoma ini, anavuka mpaka.

Hapo ndipo sarufi ya viumbe vya mchanganyiko inapoanza kuonekana. Bawa, mkia wa samaki na mwili wa nyoka ni alama za njia: hewa, maji, na chini ya ardhi. Kiumbe anayepewa viungo hivyo ni kiumbe anayeweza kupita pale ambapo mwanadamu hapiti. Kwa sababu hiyo farasi mwenye mkia wa samaki huonekana mara kwa mara makaburini, na mwishoni mwa karne ya 6 K.K. wachoraji wa Tarquinia waliweka pomboo na ndege katika kuta za kaburi linaloitwa la Uwindaji na Uvuvi, ambamo kijana anajitupa baharini kutoka juu ya mwamba.

4. Walinzi wa paa na walinzi wa ukuta

Kazi ya ulinzi haikuwa ya makaburi peke yake. Mahekalu ya Waetruski yalijengwa kwa mbao na matofali mabichi, na mapaa yake yakafunikwa vigae vya udongo wa kuchoma vilivyopakwa rangi. Katika ukingo wa paa, kila safu ya vigae ilimalizika kwa uso. Katika hekalu la Portonaccio huko Veii, la mwisho wa karne ya 6 K.K., nyuso hizo ni pamoja na Gorgoni mwenye nyoka vichwani na ulimi nje, na Akeloo, mungu wa mto mwenye pembe na masikio ya ng'ombe. Wanatazama nje, kumwelekea anayekuja. Mwenye nia njema hupita chini yao bila hofu. Mwenye nia mbaya huonywa.

Ndani ya makaburi ya Tarquinia ya karne ya 6 na ya 5 K.K. utaratibu ni ule ule. Juu ya ukuta wa ndani, katika pembetatu chini ya paa, kuna wanyama wawili wanaotazamana. Katika kaburi la Chui, la mnamo mwaka 480 hadi 470 K.K., ni chui wawili na kati yao mti. Chini yao wanaume na wanawake wameketi karamuni, wakihudumiwa na vijana, huku mpiga zumari na mpiga kinanda wakiwachezea. Chui hao hawawashambulii wanaokula wala hawafukuzwi nao. Wako juu yao kama vile mbwa wa nyumbani alivyo mlangoni: ukali wao ni kwa ajili ya wageni.

5. Kimera wa Arezzo

Tarehe 15 Novemba 1553, wafanyakazi waliokuwa wakichimba msingi wa ngome mjini Arezzo walifikia shimo la vitu vya bronzi. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa sanamu ya mnyama wa hadithi aitwaye Kimera, wa mnamo mwaka 400 K.K.: mwili wa simba aliyejikunyata kwa hasira, kichwa cha mbuzi kilichochipuka mgongoni, na mkia uliokuwa umevunjika. Mtawala wa Florence, Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici, aliagiza sanamu hiyo ipelekwe kwake, na hadi leo imo Florence, katika makumbusho ya akiolojia.

Katika hadithi za Wagiriki, Kimera aliuawa na shujaa Belerofonti aliyepanda Pegaso, farasi mwenye mabawa. Fundi wa Etruria ameonyesha dakika ya kabla ya kifo: shingo ya mbuzi ina jeraha na damu inatiririka, kichwa chake kinaanza kulegea, ilhali simba bado ananguruma akimtazama adui aliye juu yake. Katika mguu wa mbele wa kulia yamechorwa maandishi, yaliyotiwa kabla ya bronzi kumiminwa: tinscvil. Maana yake ni kwamba kitu hiki ni zawadi ya wakfu kwa Tin.

Neno hilo moja linabadili namna ya kuitazama sanamu nzima. Kimera hakuabudiwa. Hakuwekwa pia ili kuwatisha waumini. Alitolewa kwa mungu, akiwa amejeruhiwa, kama ushahidi kwamba nguvu iliyokiuka mpangilio wa vitu imerudishwa mahali pake. Mtu asiyejua maandishi hayo angeweza kusema Waetruski walipenda mazimwi. Maandishi yanasema walimshukuru aliyewashinda.

Sanamu hiyo inatoa pia funzo la tahadhari. Mkia unaoonekana leo, yaani nyoka anayemuuma mbuzi pembeni, uliongezwa na mafundi wa karne ya 18. Wataalamu wengi wanaona kwamba mkia wa asili haukuwa hivyo: nyoka alielekea kwa adui, si kwa kiungo cha mwili wake mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia mbili wageni wa makumbusho wametazama kiumbe anayejiuma, na wengine wamejenga juu ya picha hiyo falsafa nzima ya fujo, kumbe jambo hilo halikutoka Etruria.

6. Charun, Vanth na Tuchulcha

Mjadala mkali zaidi unahusu picha za makaburi ya karne ya 4 K.K. na kuendelea. Humo karamu hupungua, na mahali pake hutokea viumbe vyenye sura nzito. Wa kwanza ni Charun. Jina lake limetokana na Charon, mvushaji wa wafu wa Wagiriki, lakini hana kasia, ana nyundo. Ngozi yake ni ya buluu au kijani, pua yake imepinda kama mdomo wa ndege, masikio yake yamechongoka, na pengine nyoka wamejiviringisha mikononi mwake. Wa pili ni Vanth, mwanamke mwenye mabawa na viatu virefu vya mwindaji, anayeshika mwenge, ufunguo au karatasi iliyokunjwa. Wa tatu ni Tuchulcha, anayejulikana kwa jina katika kaburi moja tu, lile la Orcus huko Tarquinia: ana mdomo wa tumbusi, masikio kama ya punda, mabawa, na nyoka katika nywele, naye anamtishia shujaa These, yaani Thesei, aliyethubutu kuingia kuzimu akiwa hai. Katika kaburi hilo hilo mfalme wa wafu, Aita, amevaa ngozi ya kichwa cha mbwa-mwitu.

Kwa muda mrefu mabadiliko hayo yalielezwa hivi: Waetruski, walipoona miji yao ikianguka mbele ya Roma, walipoteza furaha ya zamani, wakaingiwa na hofu ya adhabu baada ya kifo, na wachoraji wao wakajaza kuta mashetani. Maelezo hayo yana mvuto, kwa kuwa yanaunganisha siasa na dini kwa mstari mmoja ulionyooka. Mtaalamu wa Ubelgiji Franz De Ruyt, aliyetoa kitabu kizima juu ya Charun mwaka 1934, alimwita katika anwani yake pepo wa kifo wa Waetruski, na kwa wasomaji wengi jina hilo likawa hukumu.

Ushahidi wa picha zenyewe, hata hivyo, haukubali hukumu hiyo kwa urahisi. Kwanza, tarehe hazipatani nayo kikamilifu. Mwaka 1985 liligunduliwa Tarquinia kaburi la Mapepo ya Buluu, la mwisho wa karne ya 5 K.K., yaani kabla ya kuanguka kwa Veii. Humo karamu na viumbe vya kuzimu vimechorwa katika chumba kimoja, kila kimoja ukutani kwake. Imani hizo mbili hazikufukuzana, zilikaa pamoja.

Pili, yafaa kuuliza Charun anafanya nini. Katika kaburi la Tarquinia linaloitwa kwa jina lake, Charun wanne wamesimama wawili wawili kandokando ya milango iliyochorwa ukutani. Katika kaburi la ukoo wa Anina, Charun na Vanth wamesimama pande mbili za mlango, mmoja na nyundo, mwingine na mwenge. Nyundo hiyo haimwangukii marehemu. Baadhi ya wataalamu wanaiona kuwa chombo cha kugongea komeo la mlango wa kuzimu, na maoni hayo yanaafikiana na mahali anaposimama. Vanth naye, kwa mwenge wake, anamulika njia.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote, upo ushahidi wa kaburi la Vulci lililofunguliwa na Alessandro François mwaka 1857. Ukuta mmoja unaonyesha Akili, shujaa wa Wagiriki, akiwachinja mateka wa Troya ili kukituliza kivuli cha rafiki yake Patroklo. Vanth amesimama nyuma yake, mabawa yamekunjuliwa. Charun amesimama mbele yake, nyundo mkononi. Mtazamaji wa haraka humwona Charun kuwa ndiye wa kuogofya kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Lakini upanga uko mkononi mwa Akili. Anayeua ni mwanadamu mwenye sura nzuri; wale wenye sura ya ajabu wanangoja tu kumpokea aliyeuawa. Katika jamii iliyojua vita vya mara kwa mara na Roma, mchoraji hakuhitaji shetani ili kueleza kifo kinatoka wapi.

Ugunduzi wa mwaka 2003 huko Sarteano, karibu na Chiusi, umeongeza uzito upande huo. Katika kaburi la karne ya 4 K.K. amechorwa kiumbe mwenye nywele nyekundu akiendesha gari linalovutwa na simba wawili na grifini wawili. Katika ukuta huo huo, mbele kidogo, wanaume wawili wameketi karamuni kwa upendo na utulivu. Ndani zaidi kuna joka lenye vichwa vitatu na farasi wa bahari mwenye mkia wa samaki. Njia ni ya kutisha. Mwisho wake ni karamu.

Haisemwi hapa kwamba viumbe hivi havikuogopwa. Titus Livius anasimulia kwamba mwaka 356 K.K. makuhani wa Tarquinia na Falerii walilikimbilia jeshi la Roma wakiwa na mienge iwakayo na nyoka mikononi, na askari wa Roma wakarudi nyuma kwa fadhaa kabla ya makamanda wao kuwakemea. Nyoka na mwenge ni vyombo vya Charun na Vanth. Makuhani walitaka adui aone kwamba mlango wa kuzimu umefunguliwa mbele yake. Hofu hiyo ilielekezwa kwa adui, kama vile ukali wa chui wa ukutani ulivyoelekezwa nje.

7. Swali la jina katika Kiswahili

Mwanafunzi anayeandika juu ya mambo haya kwa Kiswahili hukutana na swali ambalo si la istilahi tu. Charun aitwe nani? Shetani, katika matumizi ya Waislamu na ya Wakristo, ni adui wa Mungu na mpotoshaji wa watu. Charun hampotoshi mtu wala hampingi Tin. Zimwi, katika ngano, hula watu, Charun hali. Jini huishi katika ulimwengu huu na kuingiliana na walio hai. Charun ana zamu yake mahali pamoja. Pepo hupanda kichwani na kuondoshwa kwa matibabu. Hilo nalo halimhusu. Malaika ana mabawa na ni mjumbe, na kwa hiyo anamkaribia Vanth, lakini jina hilo lingeingiza katika Etruria imani ambayo haikuwapo.

Lugha, hata hivyo, ina maneno yanayofaa zaidi, tena ya kazi za kawaida. Bawabu ni mlinda mlango, mwenye mamlaka ya kufungua na kufunga, anayeweza kuwa mkali bila kuwa mwovu. Msindikizaji ni yule anayemtoa mgeni hadi njia panda ili asipotee. Neno kuzimu lenyewe lina asili moja na mzimu, na hukumbusha mahali pa waliotangulia kabla ya kukumbusha adhabu. Akiitwa Charun bawabu wa kuzimu, na Vanth msindikizaji wa wafu, msomaji wa Kiswahili ataiona picha ya kaburi la Anina karibu zaidi na jinsi ilivyochorwa kuliko yule aliyeisoma katika kitabu kinachotumia neno demoni. Kuchagua neno ni kuchagua fasiri. Na fasiri ya haraka ndiyo iliyowafanya Waetruski waonekane kwa karne nyingi taifa la ushirikina na giza.

8. Tahadhari ya Mbwa-mwitu wa Roma

Kosa linaweza pia kwenda upande wa pili: kuwapa Waetruski kisicho chao. Mbwa-mwitu jike wa bronzi aliyeko Kapitoli, Roma, anayewanyonyesha Romulus na Remus, alitajwa katika vitabu vingi kuwa kazi ya Etruria ya karne ya 5 K.K. Papa Sixtus wa Nne aliitoa sanamu hiyo kwa watu wa Roma mwaka 1471; mapacha waliongezwa baadaye katika karne hiyo ya 15. Winckelmann, mwanahistoria wa sanaa wa karne ya 18, ni miongoni mwa walioihesabu kuwa ya Kietruski kwa kutazama jinsi manyoya yalivyochongwa. Mwaka 2006 Anna Maria Carruba, aliyeshiriki kuitengeneza upya, alionyesha kwamba ilimiminwa kwa kipande kimoja, namna isiyo ya kawaida kwa sanamu kubwa za kale lakini iliyotumika katika Zama za Kati. Vipimo vya kaboni vilivyofuata vilielekeza karne ya 11 na ya 12 B.K. Wapo wanaoendelea kutetea tarehe ya zamani, na mjadala haujafungwa. Lakini hakuna tena anayeweza kuitumia sanamu hiyo kama ushahidi usio na shaka wa dini ya Waetruski.

9. Hitimisho

Uchunguzi huu mfupi umeonyesha mambo matatu. Mosi, wanyama na viumbe vya mchanganyiko vya Waetruski vilitoka mbali kwa njia ya biashara, lakini vilipofika vilipewa kazi iliyotokana na dini ya wenyeji, dini iliyogawanya mbingu, ini na ardhi katika maeneo yenye wenyewe. Pili, kazi hiyo ilikuwa hasa ya mpakani: kulinda, kuonya, kuvusha na kusindikiza. Tatu, sura ya kutisha haikuwa dalili ya uovu. Katika kaburi la François, mwuaji ni shujaa asiye na bawa wala mdomo wa ndege.

Taifa lisilobakiwa na vitabu vyake liko mikononi mwa anayeliandika. Cicero alicheka, Livius aliandika upande wa washindi, mafundi wa karne ya 18 walimpa Kimera mkia wa kubuni, na wataalamu wa baadaye waliita mashetani wale waliokuwa wameshika mwenge na ufunguo. Kuta za Tarquinia na Cerveteri, zilizoingizwa mwaka 2004 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, bado zipo, nazo bado zinasomeka kwa yule anayeanza kwa kutazama kabla ya kutoa jina.